Jogoo wa treki ya 3

Kaseti ililetwa ikiwa imeviringishwa kwenye kipande cha khanga, kama kitu cha kuzikwa. Kijana aliyeileta aliniamkia, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akapunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu chumbani. "Fundi, nisikufiche. Hii kaseti mama anaamini imerogwa."

Upande wa kwanza, akasema, bendi ya marehemu baba yake inapiga polepole kama watu walionyweshwa dawa ya usingizi. Upande wa pili ni mbaya zaidi: wanaimba kinyumenyume. Alishaipeleka kwa mafundi wawili hapahapa Kariakoo. Mmoja alimwambia aitupe, mwingine alijitolea kumfutia bure ili arekodie mawaidha.

Nilicheka, nikamwomba radhi kwa kucheka. Kaseti yake ilikuwa nzima kuliko alivyodhani.

Kaseti ya kawaida ina njia 4 za sauti, yaani treki: 2 za upande wa A, na 2 za upande wa B ambazo zinakwenda kinyume, maana unaigeuza. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa mashine iliyoitwa Portastudio 144. Ilitumia kaseti hiyohiyo ya dukani, ila ilizichukua njia zote 4 kuelekea upande mmoja, kila moja ikibeba ala yake, na ikaukimbiza utepe kwa kasi maradufu ili sauti itoke vizuri. Kaseti ya dakika 60 ikawa ya dakika 15. Ukiiweka kwenye redio ya nyumbani, upande wa A utasikia treki 2 zinajikokota, na ukiigeuza utasikia treki 2 nyingine zinarudi nyuma. Uchawi wenyewe ndio huo. Sijui kaseti ngapi za namna hii zimefutwa mjini hapa na watu waliokuwa na nia njema kabisa.

Chumba changu kiko ghorofa ya 2, dirisha linatazama paa la mabati la muuza vyombo. Mchana sifanyi kazi ya kusikiliza. Kuna vipaza sauti vya machinga vinavyorudia bei moja tangu asubuhi mpaka jioni, kuna mikokoteni, kuna honi za bodaboda, kuna mtu anashusha mzigo na mwingine anamtukana. Mchana nachomea risasi, nabadilisha kapasita, nasafisha. Kusikiliza ni kuanzia saa 5 usiku mpaka adhana ya alfajiri. Katikati ya saa hizo Kariakoo inakuwa mtaa mwingine, unasikia hata feni ya jirani.

Nilijifunza ufundi kwa mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani aliyekuwa akitengeneza redio kaseti. Hakunifundisha kitu chochote kuhusu studio, alinifundisha kutoharakisha. Kaseti ikija imelala miaka 30, usiiweke kwenye deki na kubonyeza. Kwanza fungua ganda, tazama kama kuna ukungu, na mji huu kwa joto na unyevunyevu wake unafuga ukungu kuliko kuku. Tazama kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe dhidi ya hedi, kile kichwa kinachoisoma sauti, maana gundi yake hukauka na kisponji kikaanguka, na bila hicho utepe unapita hewani. Nikiona ganda limepinda nahamishia utepe kwenye ganda jipya. Ndipo nauzungusha kwa kidole na kalamu, mwanzo hadi mwisho, polepole.

Mashine nayo ina maradhi yake. Portastudio yangu niliinunua kwa mwalimu wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, ni 244 ya mwaka 1982, na nilipoifungua mara ya kwanza belti yake ilikuwa imegeuka lami. Sisemi kwa mfano: mpira wa zamani ukikaa kwenye joto letu huyeyuka ukanata kwenye mapuli kama ubuyu uliomwagika, na kuusafisha kunahitaji spiriti, pamba na subira ya siku nzima. Belti mpya niliagiza kwa jirani anayekwenda Guangzhou kufuata mikoba. Alirudi na mikoba yake na belti zangu 6 ndani ya bahasha, akaniuliza biashara gani hii ya mipira isiyokuwa na faida. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Kinachoharibu kazi hizi mara nyingi si ukungu wala belti. Ni kitufe kimoja chenye herufi 3: dbx.

Utepe wa sumaku hupiga kelele zake wenyewe, ile "shii" unayoisikia kabla wimbo haujaanza. Utepe ukiwa mwembamba na treki zikiwa nyingi, shii inaongezeka, na ukichanganya treki 4 unachanganya shii 4. Wahandisi wakatafuta dawa. Ray Dolby, Mmarekani, alikuwa India mshauri wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 60 wazo lilipomjia, akaenda London kufungua kampuni yake mwaka 1965. Mfumo wake wa kwanza, Dolby A, ulikuwa wa studio kubwa. Dolby B, uliotoka mwaka 1968, ndio ulioingia kwenye deki za majumbani, na kitufe chake wengi wetu tulikibonyeza bila kujua kinafanya nini. David Blackmer, Mmarekani mwingine, akaja na dbx mwanzoni mwa miaka ya 70.

Ukitaka kuielewa dbx, teremka ghorofa zangu 2 uende kwa wauza mitumba. Nguo zinasafirishwa kwenye belo lililobanwa na mashine mpaka likawa gumu kama tofali, kwa sababu kontena halina nafasi. Likifika hapa, mtu anakata mikanda na belo linapanda, linapumua, nguo zinarudi ukubwa wake. Dbx inafanya hivyo kwa sauti. Wakati wa kurekodi inabana: tofauti ya desibeli 80 kati ya mnong'ono na kelele inakuwa desibeli 40, na mnong'ono unainuliwa juu ya ile shii. Wakati wa kucheza inaachia: 40 inarudi kuwa 80, mnong'ono unashuka mahali pake, na shii inasukumwa chini pamoja nao hadi husikii kitu. Ni ujanja mzuri sana, kwa sharti kwamba anayefungua atumie ufunguo uleule aliofungia mwenzake. Hata dbx zenyewe ni za aina 2. Ya I ni ya mashine za studio, ya II ni ya kaseti na vyombo vya nyumbani, na funguo zake hazibadilishani.

Ukicheza utepe wa dbx bila kufungua, unasikia sauti iliyobanwa, kali, kelele za chumba zinapanda kila gitaa linaponyamaza na kujificha linaporudi, kama mtu mwenye pumu. Kijana wa leo mwenye kompyuta akisikia hivyo anasema, "Mzee, kelele nyingi, ngoja niisafishe." Anaweka programu ya kuondoa kelele, anapunguza ukali, anaongeza besi. Huyo anapiga pasi belo ambalo halijakatwa mikanda.

Nasema hivi kwa sababu kijana huyo nilikuwa mimi. Mwaka 2009 bwana mmoja aliyekuwa na kizimba ndani ya soko kuu aliniletea kaseti ya treki 4 ya kikundi chake cha ujana. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeipata ile Portastudio na nilijiona bingwa. Kitufe cha dbx kilikuwa kimezimwa, sikukigusa. Nikazichanganya treki zote 4 moja kwa moja, nikasafisha shii kwa programu, nikampa wimbo kwenye CD, akafurahi, akanilipa, akachukua kaseti yake akaiweka na makaratasi yake kizimbani. Ilinichukua karibu miaka 3 kuelewa nilichokifanya. Treki zikishachanganywa huwezi tena kuzifungua, kwa kuwa dbx husoma kila treki peke yake. Ukiipa mchanganyiko, pigo la drams ndilo linaloamua, na sauti ya mwimbaji inapandishwa na kushushwa kwa amri ya ngoma. Kachumbari ikishakatwa hakuna nyanya ya kurudisha. Nilimwendea nikamweleza, nikamwomba kaseti nirudie bure. Akasema ipo, ataitafuta akipata nafasi. Nilimkumbusha mara 2 au 3, kisha nikaona haya. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua, na kizimba chake kiliungua pamoja na vingine. Alipoteza mali ya kulisha watu. Sikuthubutu kumuuliza habari ya kaseti, na yeye hakuitaja.

Basi kaseti ya huyu kijana wa khanga niliishika tofauti.

Kwanza nilitaka maandishi. Kwenye kadi ya ndani palikuwa na majina ya nyimbo kwa wino uliofifia, na pembeni herufi "d" na alama ya tiki. Inawezekana ni dbx, inawezekana ni "demo". Nikamwambia nahitaji mtu aliyekuwepo siku ile. Akashangaa: kwani mashine haiwezi kujua yenyewe? Haiwezi. Utepe haubebi alama yoyote inayosema nimebanwa, na ndiyo maana nusu ya kazi yangu ni kutafuta wazee. Akaniambia mpiga solo yuko hai, Mbagala, macho hayaoni vizuri lakini masikio yapo. Nikasema tutamfuata, ila kwanza nisikilize.

Siku hizi napitisha utepe mara moja tu, treki zote 4 kwa pamoja, bila kufungua dbx, na kuziingiza kwenye kompyuta kwa kipimo kikubwa: biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. Faili hizo 4 sizigusi. Kisha nazitoa kwenye kompyuta moja moja, nazipitisha kwenye boksi la dbx aina ya II, nazirudisha zikiwa zimefunguliwa. Ukipitisha utepe mara 2 na kujaribu kuunganisha, treki hazilingani, kaseti haikimbii sawasawa hata siku moja. Halafu utepe wenyewe huwezi kujua una mipito mingapi iliyobaki.

Treki ya 1 ilikuwa drams na besi pamoja. Ya 2, ridhimu. Ya 3, gitaa la solo. Na kwenye ya 3, mwimbaji alipokuwa akimaliza ubeti na solo likisubiri zamu, akawika jogoo.

Hawakuwa studio, bila shaka. Walikuwa chumbani kwa mtu, Magomeni, magodoro ukutani, dirisha limezibwa blanketi, lakini jogoo wa huko hazibiki. Kabla sijafungua dbx alikuwa mkubwa kama gitaa lenyewe, kama amesimama juu ya amplifaya. Nilipopitisha kwenye boksi akarudi nyuma, akavuka ukuta, akaenda uani kwake. Hapo nikajua treki hii imebanwa kweli, na ile "d" si demo.

Ila hakutulia. Kila solo lilipopigwa jogoo alionekana kusogea, akivuta pumzi na gitaa. Dbx ina tabia hiyo: kosa lolote la utepe inalizidisha mara 2. Hedi ikiwa chafu, sauti nyembamba ikapungua desibeli 3, baada ya kufungua inakuwa imepungua 6. Nikarudi nyuma. Nikasafisha hedi upya, nikachukua bisibisi ndogo na kugusa ile skrubu ya kulaza hedi, maana mashine iliyorekodi haikuwa hii yangu na hedi yake ilikuwa imelala kwa pembe yake. Nywele moja kulia, sauti inafifia. Nywele moja kushoto, matoazi yanang'aa. Ikanibidi nipitishe utepe upya, jambo nisilolipenda. Jogoo akatulia uani. Tangu siku hiyo nikipata utepe wa chumbani natafuta kwanza kitu cha mbali, mbwa, mwadhini, honi ya basi, nione kama kinakaa umbali wake.

Treki ya 4 ikanishinda. Ilikuwa ya waimbaji, na nilipoifungua maneno yalikatika mwishoni. "Nakupenda" ikawa "nakupe". Kati ya neno na neno palikuwa kimya cha kaburini, si kimya cha chumba kilekile chenye jogoo. Nilihangaika usiku 2. Nilishuku boksi, nikabadilisha waya, nikashuku masikio yangu.

Tukaenda Mbagala. Mzee alikuwa barazani, nikamwamkia, nikampa spika za masikioni bila maelezo. Alisikiliza treki ya 4 kama dakika nzima.

"Hii si sisi," akasema.

"Ni nyinyi, mzee. Sauti zinakatika."

Akafikiri. "Ya nne tulikuwa tunaiachia mashine ya ngoma. Ile haikubonyezwa kile kitufe. Halafu siku ile mwenye mashine ya ngoma akaipeleka kwenye harusi. Tukaitumia kuimbia hivyohivyo."

Ndiyo jibu lote. Baadhi ya mashine hizi ziliruhusu treki ya 4 iachwe bila dbx ili ibebe ishara ya kuongoza mashine ya ngoma, kwa sababu ishara hiyo ikibanwa inavurugika. Mimi nilikuwa nafungua belo ambalo halijafungwa. Nilirudi usiku, nikaweka treki 3 zilizofunguliwa na ya 4 kama ilivyotoka kwenye utepe, ina shii yake, na waimbaji wote watatu wakawa ndani ya chumba.

Watu wakisikia nafanya kazi hii hudhani nahifadhi hazina za Radio Tanzania. Hapana. Kule kwao, Barabara ya Pugu, bendi iliingia studio nzima nzima, magitaa, tarumbeta, tumba, waimbaji, wakapiga kwa mkupuo mmoja. Akikosea mpiga besi mnarudia wote. Utepe wa namna hiyo ukiucheza kwa mashine nzuri na hedi safi umemaliza, hakuna treki ya kutenganisha, na kwa maoni yangu rekodi zile za bendi za NUTA na Western Jazz hazihitaji mtu wa kuzitenganisha. Wenye kiu ya treki nyingi walivuka mpaka. Orchestra Makassy walirekodi Nairobi mwaka 1982, kazi iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Virgin. Remmy Ongala alikwenda mbali zaidi, hadi studio za Real World, akatoka na "Songs for the Poor Man" mwaka 1989. Waliobaki hapa bila nauli ndio waliojibana na mashine za kaseti vyumbani, na kwa kuwa walifanyia chumbani, hakuna maktaba ninayoijua iliyo na kazi zao. Ziko chini ya vitanda.

Mara chache inakuja rili, utepe wa wazi usio ndani ya kaseti. Kwaya moja iliniletea utepe wa inchi robo wenye treki 8, kila treki nyembamba kama uzi, uliorekodiwa kwa Dolby C. Dolby ni shida ya aina nyingine. Inabana sauti ndogo tu na kuziacha kubwa, kwa hiyo anayefungua lazima ajue kiwango halisi cha sauti kwenye utepe. Akikosea, ufunguo unafungua mahali sipo. Aliyerekodi kwa busara huweka mlio wa kipimo mwanzoni. Hawa hawakuweka, na utepe wenyewe ulikuwa unanata kwenye hedi na kulia kama mlango, gundi yake imenyonya unyevu. Niliukausha kwenye kikaushio cha matunda, nyuzi 54 kwa saa 8, nikakesha na kipimajoto kama nachunga maandazi. Hilo usilijaribu kwa kaseti. Kiwango nikakitafuta kwa sikio, usiku 4, nikifuata herufi "s" za soprano mpaka zikaacha kutoa mate. Sina uhakika kwamba nimepata. Nimewaandikia hivyo kwenye boksi la utepe.

Kuandika kwenye boksi ndiyo sehemu ya kazi ambayo wateja hawailipii. Naandika kwa kalamu ya wino mzito: mashine gani, kasi gani, treki ipi imebanwa na ipi haikubanwa, faili zipi ghafi. Wateja huuliza pia nani mwenye wimbo, kwa kuwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na kila mtu amesikia kuwa YouTube inalipa. Kumiliki kaseti si kumiliki wimbo, hilo nawaambia kabla sijapokea kazi, na nataka wanabendi waliobaki wajue. Nimewahi kushuhudia wajomba wakigombana ngazini kwangu kwa ajili ya ridhimu ya dakika 4.

Kijana alitaka vitu 2. Wimbo uwe msafi kama wa leo, na jogoo atolewe. Nilimpa faili zote: ghafi 4, zilizofunguliwa 3, na mchanganyiko niliouona unafaa. Kumwondoa jogoo naweza, nikamwambia, anawika kwenye pengo, ni kubonyeza tu. Lakini amsikilizishe mzee kwanza.

Mzee aliletwa mpaka Kariakoo siku ya Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa, akapanda ngazi zangu kwa kushika ukuta. Nikamwekea kwenye spika. Alisikiliza kwa kutikisa goti, akaguna kwenye sehemu aliyokosea, ubeti ukaisha, jogoo akawika uani, na solo lake likaingia.

"Huyo alikuwa wa mama mwenye nyumba," akasema. "Alituharibia kazi 3 kabla ya hii. Kesho yake tulimla, tukamlipa yule mama kwa mafungu mpaka mwezi wa Ramadhani."

Kijana akaniangalia. "Mwache," akasema.